Nyumba ya Mama ya Alhamisi

Wiki ya pili baada ya kumzika mama nilianza kupanga vitu vyake. Katika kabati la chini ya sinki, nyuma ya chupa za sabuni na vitambaa alivyovikunja kama nguo za Idi, nikakuta kopo la nta. Kopo dogo la bati, limeshika kutu pembeni. Nilidhani ni tupu. Nikalibandua kifuniko kwa kisu cha siagi, na ile harufu ikanipanda puani mpaka machoni. Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mtu mzima mimi mwenye watoto wawili, nikalia kilio ambacho sikukilia hata makaburini.

Ilikuwa nta ya nyuki iliyochanganywa na tapentaini, ya kung'arishia mbao, na mimi naijua nyumba moja tu iliyokuwa na harufu hiyo. Iko Sutton Coldfield, Uingereza, mwendo mfupi wa treni kutoka mjini Birmingham, na mama aliisafisha kila Alhamisi kwa miaka mingi ya utoto wangu. Sura ya mwalimu wangu wa kwanza nimeshaisahau, lakini nyumba ile naweza kuichora nikiwa nimefumba macho.

Niseme kwanza kosa lilikoanzia. Mama na wenzake, wanawake wa Unguja na wawili watatu wa Mombasa, walikuwa wakikutana Jumapili kwetu Bordesley Green, wakinywa chai na kuchambua mchele na watu. Karibu wote walikuwa wakisafisha nyumba, na mazungumzo yao yalikuwa ya namna moja. "Nyumba yangu ya Jumatatu wamenunua mbwa, shoga, nywele mpaka kwenye pazia." "Afadhali wewe, nyumba yangu ya Jumatano ina ngazi tatu." Na mama naye, akijipepea kwa kanga: "Mie nyumba yangu ya Alhamisi siilalamikii. Nyumba yangu ya Alhamisi nzuri, nyinyi, hamjaiona."

Wao walijua wanasema nini. Mimi nilizaliwa Birmingham, Kiswahili nilikisikia vizuri lakini nilijibu kwa Kiingereza, na neno nililipokea kama lilivyo. Shuleni nilifundishwa kwamba ukisema kitu changu, ni chako. Kwa hiyo nikajua, bila kumuuliza mtu, kwamba mama yangu ana nyumba tatu, ya Jumanne, ya Alhamisi na ya Ijumaa, na kwamba kwa roho yake nzuri amewaacha wazungu wakae humo, naye anakwenda kuwasafishia kwa sababu hawajui kusafisha. Sisi tulikuwa tukikaa vyumba viwili vya juu katika safu ya nyumba zilizobanana, ukuta mmoja una ukungu mweusi ambao mama alikuwa akiufuta na wenyewe ukirudi. Hilo nalo nililielewa kwa akili yangu: nyumba zetu zilikuwa na watu.

Shule zikifungwa mama hakuwa na wa kuniachia, basi Alhamisi alinichukua. Tulipanda basi mpaka mjini, tukapanda treni ya Cross City, tukateremka Sutton na kupanda kilima kidogo chenye miti mikubwa. Mara ya kwanza kuiona nilidhani paa limeteleza. Nyumba zote nilizozijua zilikuwa na ukuta mrefu na paa fupi. Hii paa lake la vigae vyekundu lilianzia juu kabisa, likashuka na kushuka mpaka karibu na maua, na mimi mfupi nikaweza kugusa kigae cha mwisho kwa kidole. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe juu ya plasta iliyoachwa mbaya makusudi, ukiipitisha mkono inakukwaruza. Dohani zilikuwa mbili, nene, za matofali. Madirisha yalikuwa vipande vidogo vidogo vya kioo vilivyoshikwa kwa vitepe vya madini ya risasi, na hakuna kipande kilichofanana na mwenzake. Ukitazama bustani kupitia humo, miti ilikuwa ikicheza.

Na mlango. Mlango ulikuwa wa mbao za mwaloni, mti mgumu wa huku, umekaa ndani ya ukumbi mdogo wa matofali wenye tao. Hakuupaka mtu rangi tangu ulipotengenezwa, ulikuwa umepauka mpaka kuwa wa kijivu. Bawaba zake za chuma zilikuwa ndefu, zimevuka mlango karibu wote, na mwisho wa kila bawaba mhunzi amekunja jani. Mama alisimama mbele yake siku ya kwanza aliponipeleka, akausugua kwa kiganja, akasema, "Huu kaufanya mtu, huu. Si mashine." Alisema kwa sauti ya mtu anayemsalimia jamaa yake. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa seremala Unguja, na mama alikua akilala juu ya maranda ya mbao.

Mwenye nyumba, yule ambaye mimi nilimhesabu mgeni wetu, alikuwa bibi wa kizungu aliyekaribia miaka tisini. Jina lake Audrey, mama akimwita Bi Odri, naye alilipenda jina hilo kuliko la kwake. Hakuolewa. Baba yake ndiye aliyeijengesha nyumba ile, akachagua mafundi mmoja mmoja, na Bi Odri alizaliwa chumba cha juu chenye dirisha la pembeni na hakupata kukaa nyumba nyingine. Alikuwa mwembamba, na fimbo yake nyeusi ilikuwa na kipete cha chuma chini. Kusikia alikuwa anasikia vizuri. Miguu ndiyo iliyokuwa imemchoka.

Yeye na mama walipatana kwa ajili ya neno moja. Dari ya sebuleni ilibebwa na maboriti mazito, na juu ya maboriti kulikuwa na vijidonda vidogo vidogo, safu kwa safu. Bi Odri alikuwa akimweleza mama kwamba baba yake aliwakataza mafundi wasiilainishe mbao, alitaka mkono wa mtu uonekane. Mama akatazama juu, akacheka. "Tezo," akasema. "Hii tezo hii. Baba yangu alikuwa nayo." Bi Odri akataka aambiwe tena. Tezo. Akaonyesha kwa mkono, namna mtu anavyojikunja na kuchonga kuelekea miguuni kwake, na mama akaonyesha vilevile, na wakacheka wote wawili, mabibi wazima wamejikunja katikati ya sebule wakichonga hewa. Tangu siku ile Bi Odri alimuuliza mama jina la kila kitu. Patasi. Komeo. Kigingi, maana zile mbao zilishikana kwa vigingi vya mti, huoni msumari.

Mahali nilipopapenda mimi ni kwenye moto. Meko ya nyumba ile haikuwa tundu ukutani tu. Ilikuwa chumba ndani ya chumba: unainama chini ya boriti, unaingia, na kila upande kuna benchi la mbao lililojengwa pamoja na ukuta, na moto uko katikati yenu. Sakafu ya hapo ilikuwa ya vigae vya kijani vinavyong'aa, na juu ya moto kulikuwa na kofia kubwa ya shaba nyekundu, imegongwagongwa nyundo yote, iliyotengenezwa na fundi mmoja wa mtaa wa Hockley ambaye Bi Odri alimkumbuka kwa ndevu zake. Mama alipoyaona yale mabenchi hakusita. "Baraza," akasema. "Wameiweka baraza ndani kwa sababu ya baridi, maskini." Basi likawa jina lake. Bi Odri alikaa kwenye baraza yake kutwa, fimbo ubavuni. Mimi nilipewa kopo la nta na kitambaa, kazi yangu ikawa kuzipaka mbao za ubavu wa ngazi, ambazo kila moja ilitobolewa umbo la moyo. Nilizipaka kwa bidii kubwa. Kwani si zetu?

Mama alikuwa na ufunguo, lakini hakupata kuingia bila hodi. Alinifundisha na mimi. Hodi tatu, unaacha nafasi baina yao, na ukikosa jibu unarudi ulikotoka, hata kama umetoka mbali, hata kama unaona taa inawaka. Aliyemo ndani ana haki ya kutokujibu. Bi Odri alifurahishwa na jambo hilo kupita kiasi. Alisema Waingereza wana mlango na kengele lakini hawana adabu ya namna hiyo. Akajifunza. Tulikuwa tukisimama ukumbini, mama akiita, "Hodi!" na kutoka ndani, kule kwenye baraza yake, bila kuinuka, tunamsikia vizuri kabisa, "Karibuuu!" akiivuta mwisho kama anaimba. Ndipo mama alipofungua.

Kitu kingine alichonifundisha Bi Odri ni kwamba nyumba inaongea. Nilikuwa nimekaa naye baraza ya pili, ghafla boriti likalia juu, nami nikashtuka. Akaniambia nisiogope, mwaloni haufi ukikatwa, unaendelea kujinyoosha miaka mia, na ukijinyoosha unasema. "Ukisikia sauti na hakuna mtu, ni nyumba," akasema. Niliyashika maneno hayo. Mtoto anashika la kumfaa.

Baba alikuwa bado Unguja. Sikuwa nimemwona ila kwa picha na kwa simu. Kila mara mama alipopiga, nilisikia jambo lile lile: karatasi, karatasi, na siku moja nilimsikia akisema, sauti imemkauka, "Wanataka tuwe na nyumba. Chumba cha mtoto, kila kitu. Bila nyumba hawakupi viza, si nakwambia." Alipokata simu alijifunika uso kwa kanga. Na mimi nikashangaa. Nyumba tunayo! Ina vyumba vitano, ina baraza, ina ngazi za mioyo. Ila yumo Bi Odri.

Sikumchukia. Nataka hilo lieleweke, ingawa sijui nani ataniamini. Alikuwa akinipa biskuti za tangawizi na kunisikiliza nikisoma. Lakini tangu siku ile nilipokuwa nikipaka nta nilikuwa nikigawa vyumba kichwani: hiki cha mama na baba, hiki changu. Mara moja nilimuuliza kabisa, "Bi Odri, utakwenda kukaa wapi ukitoka hapa?" Aliichovya biskuti yake kwenye chai. Kisha akasema, taratibu tu, "Sitarajii kwenda mbali, kipenzi," akanipa biskuti nyingine.

Aliyebadilisha mambo ni mpwa wake Bi Odri, mwanamme mrefu aliyekuwa akija na gari mara moja kwa mwezi. Alhamisi moja, nami sikwenda shule kwa sababu ya mafua, alimchukua shangazi yake kwa daktari. Mama alikuwa ameambiwa na Bi Odri aingie tu, na kwa mara ya kwanza aliingia nyumba ikiwa tupu. Waliporudi wakamkuta juu ya ngazi ya kukunja, anafuta maboriti. Mpwa hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyouma, kwamba nyumba ina vitu vya thamani, na angependa kuanzia sasa mtu asiwe ndani peke yake. Bi Odri aliona haya mpaka shingo ikawa nyekundu. Mama alishuka, akakunja ngazi, akasema "Sawa." Kwenye treni aligeukia dirisha. "Nshafanya kazi nyumba za watu miaka, hajapata mtu kunidhania wizi," akasema, na hakuwa akiniambia mimi.

Wiki mbili baadaye, ile likizo fupi ya wakati majani yanapopukutika, tulipanda kilima mvua ikinyunya. Mguu wa mama ulikuwa ukimsumbua, akasimama kwenye kiambaza cha bustani ya jirani kupumzika. "Tangulia," akaniambia. "Kapige hodi, mwambie nakuja."

Nikakimbia. Nikaingia ukumbini, nikapangusa maji usoni, nikasimama mbele ya mlango vile mama anavyosimama. Hodi. Nikahesabu kidogo. Hodi. Kimya. Nilikuwa nikisikia mvua inadondoka kutoka kwenye lile paa refu. Nikavuta pumzi nikaita ya tatu kwa sauti kubwa, hodi!

Na ndani kukagongwa. Ko, ko, ko. Kidogo kimya. Ko, ko, ko.

Nilisimama pale nikisikiliza, sijui kwa muda gani. Nikajiambia, ni nyumba. Nyumba inaongea, mwenyewe kasema, ukisikia sauti na hakuna mtu ni nyumba. Na hapohapo wazo la pili likanijia, likanipasha moto mwili mzima: ameondoka. Bi Odri ameondoka, nyumba inatuita sisi. Nikageuka nikateremka kilima mbio, nacheka.

"She's not in, Mum," nikamwambia.

"Hayuko? Umepiga hodi?"

"Three times."

Mama aliutoa ufunguo mkobani, akauangalia. Nauona mpaka leo, ufunguo mkubwa wa chuma kwenye kiganja chake kilicholowa. Akaangalia juu kilimani. Nikadhani tutapanda. Kisha akaurudisha mkobani akaufunga zipu. "Kachukuliwa tena na mpwawe," akasema. "Turudi zetu. Mie sitaki maneno." Stesheni alininunulia chipsi kwa sababu nilikuwa nimelowa, na nilizila zote nikimwambia baba atalala chumba gani. Mama alikuwa hanisikilizi.

Bi Odri hakuwa ametoka. Alikuwa amelala chini kwenye vigae vya kijani mbele ya baraza yake, nyonga imevunjika, tangu asubuhi ile. Jirani ndiye aliyemkuta kesho yake, moto umezimika zamani.

Mama alipopata habari kwa simu alikaa kwenye ngazi ya kwetu. Siku ya Jumapili tukaenda hospitali. Bi Odri alikuwa amekuwa mdogo kitandani, mikono juu ya shuka, na hakuwa na harufu ya nta tena. Mama alimshika mkono akawa analia na kuomba radhi kwa lugha mbili zilizochanganyika. Bi Odri akamnyamazisha. Sauti ilikuwa imemtoka, ikabidi mama ainame.

"Nilisikia hodi," akasema. "Zote tatu. Karibu yangu haikutoka, Zuwena. Nikajibu kwa fimbo."

Mama akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa akiuliza tu. "Mwanangu, ulisikia kitu? Ulisikia kugonga?"

Ningeweza kusema ndiyo, nilidhani ni nyumba. Nilikuwa mtoto, wangenisamehe. Lakini pale pale, chini ya taa zile nyeupe, nilielewa kila kitu kwa mara moja: nyumba ni ya nani, na mimi nilikuwa nikifurahia nini kule kilimani. Nikaona kwamba nikifungua mdomo yote yatatoka.

"No," nikasema.

Bi Odri aliniangalia kwa macho yale ya kijivu. Kisha akampapasa mama mkono. "Ule mlango mzuri sana," akasema. "Mnene. Baba yangu alitaka uwe mnene."

Alifariki kabla ya majani kwisha mitini. Kopo la nta alilileta jirani, akisema Bi Odri aliagiza apewe msaidizi wake wa ngazi, yaani mimi. Mama aliliweka. Nyumba iliuzwa, ufunguo mama aliurudisha kwa posta, na Alhamisi yake hakuijaza na nyumba nyingine mpaka mwaka ukapinduka. Akina mama wa Jumapili walimwuliza, Zuwena, Alhamisi yako vipi? Akawajibu, "Nimeipumzisha." Baba alikuja baadaye sana, tulipopata nyumba ya council, ya kupanga kwa serikali ya mji, naye hakujua kwamba kwa siku moja nilimpa chumba chenye dirisha la pembeni.

Mambo mengine yaliendelea kama maisha yanavyoendelea. Ila mama alibaki na sentensi moja. Ingekuja pasipo sababu, tunaosha vyombo, tumekaa kwenye gari tunangoja mvua ipungue. "Ningefungua tu mlango, mwanangu. Ufunguo nilikuwa nao." Mimi ningemwambia, basi mama, yalishapita. Akasema hivyo nilipoolewa, tulipokuwa peke yetu chumbani ananifunga mkufu. Akasema nilipojifungua. Akasema mwezi wa mwisho, amelala kitandani kwake, mimi nampaka mafuta miguuni. "Ningefungua tu mlango." Nikaendelea kupaka. Nilijiambia mgonjwa hasumbuliwi na habari za kale. Mimi bingwa wa kupata sababu.

Baada ya kuliona lile kopo nilitafuta ile nyumba kwenye mtandao, na nikaikuta inauzwa. Picha ishirini na zaidi. Tangazo lilisifu maboriti yake, kofia ya shaba, ngazi za mioyo. Nikaandikisha jina, nikadanganya kwamba mimi ni mnunuzi.

Dalali alikuwa mwanamke wa makamo mwenye koti la njano, mchangamfu. Alinifungulia, na nikaingia bila hodi kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Harufu hakuna tena, wamepaka kitu cha kung'aa. Lakini alama za tezo zipo. Mioyo ipo, na ilikuwa chini kuliko nilivyoikumbuka. Simu ya dalali ikalia, akaniomba radhi, akatoka ukumbini kuzungumza na kuufunga mlango nyuma yake.

Nikainama, nikaingia kwenye baraza. Nikakaa upande wangu. Nyumba ilikuwa kimya, kisha boriti likalia juu, na nikalisikia kwa masikio ya mtu mzima: sauti ndefu, ya kuvutika, kama mtu anayejigeuza juu ya kitanda cha kamba. Haigongi. Haikupata kugonga. Hakuna mtoto duniani, aliyekwishakaa humo Alhamisi nyingi, ambaye angeichanganya sauti hiyo na fimbo.

Nikapiga magoti kwenye vigae vya kijani. Sikuwa na fimbo, nikatumia pete yangu. Ko, ko, ko.

Mlango ukafunguka mara moja. Dalali alikuwa bado na simu mkononi. "Uko salama?" akaniuliza. "Nimesikia mtu anagonga."

"Umesikia kutoka nje?"

"Waziwazi." Akaugusa mlango, akacheka. "Mzuri wa kutazama huu, lakini angalia hapa chini. Kila kitu kinapita. Mwenye nyumba anasema anawasikia watu wa posta wanavyopumua."

Nilimshukuru, nikamwambia nyumba ni kubwa mno kwangu, nikatoka. Niliteremka mpaka kwenye kile kiambaza ambapo mama alipumzisha mguu, na hapo nikashindwa kuendelea.

Kwa sababu mama aliujua mlango ule. Kila Alhamisi alisimama mbele yake na kuita, na kila Alhamisi karibu ya bibi wa miaka tisini ilipita ndani ya mbao zile ikamfikia. Bi Odri alipoanza kuusifu unene wake, mama alijua. Alijua pale pale kitandani, ameushika mkono wa mwenziwe, kwamba mimi nilisikia. Hakuniuliza mara ya pili. Aliibeba akaiita yake.

Na ile sentensi. Mbele ya baba hakuisema, mbele ya shoga zake wa Jumapili hakuisema, nimewauliza. Aliisema kwangu tu, tukiwa wawili, na kila akiisema alinyamaza kidogo baadaye, akaacha nafasi, kama alivyonifundisha mwenyewe. Mama aliyerudi baada ya hodi tatu, hata kama ametoka mbali, hata kama anaona taa inawaka, kwangu alipiga hodi miaka thelathini. Na mimi nilikuwemo ndani namsikia.